Kwa Vibius, Aliyepiga Zumari Mahali pa Kunyamaza

Mwaka umezunguka, Baba Vibia. Ngano ya kando ya njia ya Appia imeanza tena kugeuka rangi, kama ilivyokuwa asubuhi ile ulipoomba maji, ukanywa nusu, ukatuachia nusu. Sisi wa nyumbani kwako tumekuja leo na mkate uliochovywa divai, chumvi kidogo na waridi. Tumekaa kivulini mwa jirani yako yule muuza mafuta, ambaye kaburi lake ni kubwa kuliko duka lake lilivyopata kuwa. Tuna habari ya kukueleza. Anayepita na mzigo wake na asimame kidogo asikie, kama miguu inamruhusu.

Kwanza mkeo Ofillia anakusalimu kwa kitendawili, maana ndivyo alivyokupokea kila ulipoingia mlangoni.

Ndugu wawili kinywa kimoja, wote wanasema, hakuna anayekula.

Ulikuwa unajifanya hujui. Ulikaa kwenye kigoda, ukafungua ule mkanda wa ngozi wa kushikia mashavu wakati wa kupuliza, ukajikuna pale ulipobana, ukasema, "Hapo umenishinda, Mama Vibia. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Capua."

"Nimekwenda Capua, nikakaribishwa, nikala nguruwe mpaka nikavimbiwa, nikarudi kwa punda. Jibu ni zumari zako, hizo mbili unazozipuliza pamoja."

Ukacheka kama mtu aliyelisikia kwa mara ya kwanza. Jibu hilo ulilisikia tangu Vibia hajaota meno.

Tunakumbuka mashavu yako. Wajukuu walikuwa wanayabonyeza kwa vidole yatoe upepo, nawe ukayajaza tena bila kuchoka. Tunakumbuka ulivyokwenda kwenye mazishi ya watu wasio na chochote, ukatangulia mbele ya jeneza ukipiga, na ukiulizwa utalipwa nini, ukasema pumzi hii hukuinunua. Tunakumbuka pia sikukuu ya wapiga zumari, mwezi huu huu, mnapozunguka mjini mmevaa nguo za wake zenu na nyuso za bandia, mmelewa wote mpaka fundi wenu mkuu. Ile nguo ya manjano ya mkeo ilirudi na doa la divai kifuani. Bado lipo. Sextus, mkweo, ambaye kufua nguo ndiyo kazi yake, amelijaribu kwa kila kitu kilichomo kwenye mapipa yake, na kilichomo humo majirani wanakijua kwa harufu. Tumemwambia aache.

Nyumbani ulikuwa unaimba puani kutwa nzima. Ukichota maji unaimba, ukikata matete ya kutia kwenye midomo ya zumari unaimba, hata ukigombana na punda ulikuwa na wimbo wa kugombana na punda. Ulipokoma, kila mtu aliweka chini alichoshika, kwa sababu tulijua sasa linakuja neno lenyewe. Siku uliyomposa Ofillia kwa baba yake ulikoma mlangoni. Siku ya kuzaliwa Vibia ulikoma.

Ndivyo ulivyofundishwa jukwaani. Katika mchezo wa kuchekesha kuna mistari inayokwenda na zumari, ya mapenzi, ya ugomvi, ya mtumwa anayetoroka na kuku wa bwana wake. Na kuna mistari ya kusemwa tu. Ikifika hiyo, mpiga zumari anashusha mikono, anafuta mdomo, na mabenchi yote yanatulia, maana watu wanajua kwamba sasa ndipo wataambiwa nani ni mtoto wa nani. Mtu anaweza kusinzia katika nyimbo akaamshwa na ukimya. Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya maisha yako yote, kupiga na kunyamaza, na kunyamaza kwako kulikuwa safi kama kupiga kwako.

Ulivunja sheria hiyo kwa ajili ya Trebius.

Mzee Trebius mlitoka naye Nola mkiwa watumwa, mmefungwa kamba moja. Wewe uliachwa huru, yeye akanunuliwa na Mamercus mwenye kundi la waigizaji, akawa anaigiza akina baba kwa nywele za bandia nyeupe, mpaka nywele zake mwenyewe zikawa hazina haja ya kufunikwa. Hapo akaanza kusahau. Lakini alisahau kwa namna yake. Ukimpigia zumari, anakumbuka mpaka michezo ya watunzi waliokwisha kuoza. Zumari ikinyamaza, anabaki anakutazama kama ng'ombe aliyeingizwa kwenye zizi la watu.

Mwaka ule kabla ya kufa kwako, katika michezo ya sikukuu ya mungu wa kike Mama Mkuu, alisimama katikati ya maneno ya kusemwa, akasimama, akasimama, watu wakamtupia maganda ya njugu. Mamercus alingoja mpaka matayarisho ya michezo iliyofuata, akamwita uani mbele ya wote.

"Trebius. Safari hii ukisimama tena, nakuuza kwa shemeji yangu wa shambani. Kule hakuna mistari. Kuna jiwe la kusagia."

"Jiwe la kusagia linazunguka, bwana," Trebius akasema. "Angalau halipotei njia."

Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa unaimba puani, ukakoma.

Mchezo ulikuwa mpya. Trebius alipewa baba aliyepoteza binti yake baharini, na kipande chake kirefu kuliko vyote kilikuwa cha kusemwa tu, zumari chini. Ukamwendea mtunzi, yule bwana mwembamba asiyeishiwa na mafua, ukamwomba akibadilishe kiwe cha zumari.

"Haiwezekani," akasema. "Pale ndipo watu wanapojua yule binti ni nani. Ukipiga pale watatikisa vichwa, hakuna atakayesikia neno. Kisha watakwenda nyumbani waniulize mimi kwa nini msichana wa dirishani ameolewa na jirani."

"Mzee atasimama, bwana mtunzi."

"Basi mtafutie Mamercus mzee mwingine." Akapenga kamasi. "Simchukii rafiki yako. Lakini habari husemwa, haiimbwi."

Ulirudi nyumbani ukakiri kwamba ana haki, na hilo ndilo lililokuudhi zaidi. Uji wa ngano ulipoa mbele yako. Dengu hukuzigusa.

"Kitendawili," akasema mkeo.

"Leo sina hamu, Mama Vibia."

"Sema tega."

"Haya, tega."

"Nina bubu wangu. Nimemvika kofia, akaimba."

"Nakupa Capua."

"Capua siitaki. Leo fikiri."

Ukafikiri. Mkeo alisoma barazani kwa mwalimu wa watoto mpaka alipojua kusoma na kuhesabu, hakuendelea zaidi, lakini ameishi na zumari yako miaka yote na masikio yake si ya mapambo. Alichukua kijiko cha mti akagonga meza mwendo wa mstari wa kusemwa. Kisha akagonga mwendo wa ule mstari mrefu wa zumari, ule unaokimbia kama mtu anayeteremka mlima. Akarudia huu, akarudia ule. Ukaweka mkono juu ya kijiko.

Mkia ulikuwa mmoja. Kiwiliwili kilikuwa kimoja. Mstari wa zumari ulizidi kichwani tu, kwa mapigo matatu: refu, fupi, refu. Taa, ta, taa. Mvike bubu kofia hiyo, hukumwondolea mtunzi hata neno moja, na zumari inaruhusiwa kuingia.

"Kofia," ukasema.

"Sasa kula."

Basi mkashona kofia. Kwa kila mstari wa yule baba mlitafuta mwito mdogo wa kutangulia: ndugu yangu, sikia basi, ole wangu mie, na mingine ya namna hiyo. Trebius akawa anakuja mchana kwa visingizio. Leo ametumwa kamba, kesho ametumwa gundi. Anakaa kwenye kigoda cha mlangoni, wewe unapiga kwa sauti ya chini, naye anasema habari ya meli na binti bila kukosea hata mahali pamoja. Tatizo likawa jingine.

"Kofia zimenipotea, shemeji," akamwambia Ofillia siku moja.

"Zote?"

"Si zote. Za katikati tu. Na za mwisho. Ile ya kwanza nayo sina hakika nayo."

"Ulizokuja nazo jana ni zipi basi?"

"Jana nilikuja?"

Ofillia akakutazama. Ukatoa zumari kinywani, ukafuta mdomo, ukasema polepole, "Basi kofia nitazivaa mimi. Nitapiga yale matatu peke yake, halafu nitashuka chini kabisa. Wewe ukisikia matatu, uje na mstari wako."

"Kama mtu anayeniita?"

"Kama mtu anayekuita."

"Na Mamercus akijua?" Ofillia akauliza.

"Atajua siku ile ile watakayojua watu wote."

Siku yenyewe tulikuwepo, tumebanana kwenye mabenchi yale ya mbao chini ya hekalu. Wewe unaijua upande wako, tunakupa upande wetu. Ulimaliza wimbo wa wapenzi, watu wakajiweka sawa wakingoja ushushe mikono. Trebius akatoka na nywele zake. Kijana aliyeigiza jirani akasimama mkao wa kusikiliza. Mikono yako haikushuka. Watu wa mbele wakaanza kunong'onezana kwamba mpiga zumari amelewa. Nyuma ya mbao zilizopakwa rangi tulimwona Mamercus ametoa kichwa, na midomo yake tuliisoma sote: shusha, shusha hizo.

Taa, ta, taa.

Trebius aligeuza kichwa kama aliyeitwa na mtu wa kwao.

"Bahari ilinichukulia binti yangu wa pekee," akasema.

Ukashuka chini mpaka zumari ikawa kama mtu anayepumua chumba cha pili. Mstari ukaisha. Taa, ta, taa. Akaja na wa pili. Taa, ta, taa. Neno hata moja halikumezwa, kwa hiyo hofu ya mtunzi haikutimia. Watu walijua binti ni nani, na waliuchukua ule mwito wako nyumbani. Jioni ile uliusikia mtaani ukipigwa kwa mluzi na mtu anayefagia.

Mtunzi alikuja nyuma ya jukwaa na kitambaa chake puani.

"Umeniharibia mistari yangu."

"Ndiyo, bwana."

"Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa analia. Mchezo wa kuchekesha, na mtu analia."

"Ndiyo, bwana."

Akapenga. "Kesho upige tena. Lakini chini zaidi."

Na Mamercus akasema, "Naona mko wawili mnafanya kazi ya mtu mmoja. Haya, endeleeni." Shemeji yake hakutumiwa mtu.

Baada ya hapo hukukaa sana. Kifua kilichokulisha ndicho kilichoharibika. Kitandani ulikuwa bado unaimba puani, sauti nyembamba, tukawa tunaendelea na kazi zetu huku tunasikiliza. Asubuhi ile ukakoma, tukaja wote.

"Trebius nani atamwita?" ukauliza.

Tukasema tutamwita. Ukaomba maji.

Ndugu zako wa chama walikuja kukuzika siku chache kabla ya sikukuu yao, na wengine walikuwa wameshavaa nguo za wake zao kuzijaribu, wakaja hivyo hivyo. Usingewakataza.

Sasa habari tuliyokuja nayo.

Mwaka huu, katika michezo ile ile, Mamercus aliuweka tena mchezo ule kwa sababu watu waliuulizia. Mpiga zumari wake sasa ni Hilarus. Ni kijana mwenye vidole vizuri na adabu. Ofillia alimwendea na maandazi ya asali.

"Mwanangu, kuna mahali pale mzee anapoeleza habari ya meli."

"Napajua, mama. Pale ni pa kunyamaza."

"Marehemu alikuwa anapiga."

"Nimesikia. Mimi nilifundishwa kwamba ukipiga pale watu wazima watakucheka, na mimi ndiyo kwanza naanza kazi." Akayatazama yale maandazi. "Utayarudisha, mama?"

"Kula. Sikuyaleta kwa mkataba."

Ofillia akamwendea Mamercus. Mamercus akasema hawezi kumlazimisha mpiga zumari kuvunja sheria yake, na kwamba Trebius sasa anasahau hata mlango wa kutokea. "Nitampa mara hii moja, kwa heshima ya marehemu. Akisimama, shamba liko pale pale, Mama Vibia. Mimi nalisha watu wengi."

Basi mkeo akachukua kile kibao chako cha mguuni, cha kupigia mwendo, kilichokaa nyuma ya mlango tangu ulipokiacha. Akakificha chini ya shuka. Akapanda kukaa na wanawake juu kule, Vibia upande mmoja, na upande wa pili mke wa mtu tusiyemjua.

Wimbo wa wapenzi ukaisha. Hilarus akashusha mikono, akafuta mdomo. Kimya kikaja, kimya kizuri, kama ulivyokuwa ukikileta wewe. Trebius akatoka. Akafika katikati. Akasimama.

Akasimama.

"Mzee, umelala?" mtu akauliza kutoka chini. Ganda la kwanza la njugu likaruka.

Ofillia akavaa kibao, akapiga. Taa, ta, taa.

"Mama, unaniponda kidole," akasema yule mwanamke.

"Samahani, mwanangu. Niko kazini."

Akapiga tena. Lakini kibao kimetengenezwa kwa jukwaa tupu lenye mvumo, hakikutengenezwa kwa miguu ya wanawake waliobanana. Sauti ilizama kwenye shuka na viatu. Trebius hakusikia. Alikuwa anatazama mikono ya Hilarus. Mamercus alikuwa ameshatoka nusu mlangoni.

Hapo chini, karibu na ngazi, kuna mtu anauza dengu za kukaanga. Mwaka jana alikuwepo, na mwaka juzi, yupo kila mwaka. Mikono yake ilikuwa na sinia, kwa hiyo alifanya kwa pua. Taa, ta, taa.

Tunadhani hakukusudia. Labda mahali pale palimwuma tu kwa kukosa kitu alichokizoea. Lakini mtu wa pembeni yake akakumbuka, akaitikia. Kisha benchi lao. Kisha, Baba Vibia, ikapanda ngazi mpaka kwetu. Midomo imefungwa, pua zinafanya kazi, wanajeshi wa zamani, wauza samaki, mtu mmoja aliyebeba mtoto begani, na yule mwanamke wa kidole kilichopondwa.

Taa, ta, taa.

Trebius akageuza kichwa.

"Bahari ilinichukulia binti yangu wa pekee," akasema.

Wakanyamaza wote wamsikie. Mstari ukaisha. Wakamwita tena. Akaja. Walimwita hivyo mpaka mwisho wa habari ya meli, mstari kwa mstari, na Hilarus muda wote alikuwa ameshusha zumari kama alivyofundishwa, hakuna awezaye kusema alivunja sheria.

Baadaye Mamercus akampandia Ofillia pale juu, akihema.

"Mama Vibia, watu wote hawa umewafundisha lini?"

"Siyo mimi," akasema mkeo. "Mume wangu aliwafundisha. Mwaka jana."

Mamercus alikaa kwenye benchi lililoachwa wazi. Halafu akasema shemeji yake na atafute mtu mwingine wa kusukuma jiwe.

Ndiyo hiyo habari. Uliuliza nani atamwita. Ni mji mzima.

Amekuja nasi leo. Njia nzima alikuwa anauliza tunakwenda kwa nani, mjukuu wako Tertia anamjibu, naye anashukuru, kisha anauliza tena. Hata Hilarus amekuja. Amekaa mbali kidogo, anataka kujua matete yako ulikuwa ukiyakata wapi, na Vibia atampeleka. Tulipofika, mkeo aliinama akagonga jiwe lako kwa kidole, refu, fupi, refu. Trebius akavua kofia yake ya safari, akakaa karibu nawe.

"Huyu namjua," akasema.

Tunaokukumbuka ni mkeo Ofillia, binti yako Vibia, mkweo Sextus, wajukuu zako Tertia na mdogo wake ambaye bado anajaza mashavu upepo akidhani ndivyo watu wanavyosalimiana, ndugu zako wa chama cha wapiga zumari, na mzee Trebius wa Nola.

Na sasa tunaacha kuimba puani, sote, ili ulijue hili kuwa neno lenyewe, la kusemwa tu. Mwaka huu hatukukusahau, na miaka ijayo hatutakusahau.